Kiwanja Kisichoota Nyasi

Kiwanja changu cha kwanza, kule Iyumbu,
nilikilipia taslimu, nikapewa karatasi
yenye muhuri wa zambarau.
Mavuno ya alizeti yalipokwisha nikaenda kuchimba msingi,
nikakuta msingi.
Wa mtu mwingine, zege limeshakauka.
Simu ya muuzaji hadi leo inaita kwa upole.

Kwa hiyo Chedego aliponiambia,
"Mama Lechipya, mafuta yako yanataka jina mtandaoni,
bei ya soda tu, mwaka mzima,"
nilivua miwani nikamtazama.
Shuka chini, nikamwambia, chini kabisa,
pale wanapoandika kwa herufi za sisimizi.
Tukasoma. Mwaka wa kwanza elfu tatu.
Wa pili, na wa tatu, na mpaka nizikwe,
elfu sabini na mbili.
Soda gani hii, ikikaa inazaa ng'ombe?
Akahamia kwa muuzaji mwingine,
ghali leo, ghali vilevile kesho.
Huyo ndiye niliyemtaka.

Tulikuwa dukani kwake, Barabara ya Saba,
upepo wa Septemba ukigonga kioo kama mtu anayedai.
Mimi nilitaka Ng'hong'onha, nilikozaliwa,
jina zima, nisipunguze hata pumzi.
Mashine ikakataa ritifaa.
Akaandika bila ritifaa,
ikatoka sauti ya mtu anayekabwa.
"Mteja wa Mwanza akilisikia redioni, ataliandikaje?"
Nikampigia mdogo wangu, mzaliwa wa palepale,
nikamwomba aliandike.
Akanitumia namna mbili.
Zote mbili hazikuwa yenyewe.

Iliniuma. Nikatafuta fupi.
Akatia kistari katikati, nikakitoa:
nani atakumbuka kistari akiwa na dumu begani?
Tukapata moja tamu, lililowahi kutumika.
Uliza kwanza nani alilala humo, nikasema,
nyumba hainunuliwi kwa rangi ya ukuta.
Akachimbua: miaka miwili nyuma
lilikuwa la kamari, na dawa za kurefusha visivyorefuka.
Mafuta yangu yanakaanga maandazi ya watoto!
Tukalifunga haraka, kama mlango wa choo cha stendi.

Kisha likaja: Kamua Kizota.
Kamua, kwa kazi ya mashine;
Kizota, mashine ilipo.
Likaandikika. Likatamkika.
Tukapekua BRELA, hakuna kampuni yenye jina hilo.
"Kesho tunalichukua," akasema Chedego, anafunga duka.
Kesho? Kiwanja kisicho na bikoni
hutembea usiku.
Akawasha tena kompyuta.

Na hapo, kidole kikiwa juu ya kitufe,
nikaona barua pepe yake imekaa kwenye nafasi ya mwenye mali.
"Ni kwa urahisi tu, Mama."
Sikumgombeza, kijana mwema.
Lakini hata Iyumbu nilikwenda kwa urahisi.
Futa. Andika Foibe Chilewa.
Namba ya simu, yangu.
Nywila naandika mwenyewe;
wewe geuka, tazama barabara.

Halikununuliwa, limepangwa. Nalijua hilo.
Tarehe ya kulipa nimeiandika kwa mkaa
ukutani mwa kinu, juu ya hesabu ya mashudu,
mwezi mzima kabla haijafika.
Mwezi wa tatu ikaja barua ya ofisi nisiyoijua:
lipa leo au jina linapotea.
Haikuwa na muhuri,
lakini niliiona zambarau yake.
Nikaifuta, nikaendelea kupima gunia.

Jana limeingia agizo, madumu manne, lita ishirini kila moja.
Jina letu kaliandika sawasawa, hakukosea herufi.
Mahali pa kupeleka: Iyumbu,
nyumba ya bati la kijani, mkono wa kushoto baada ya kisima.
Nyumba naijua.
Nimeichorea ramani mara nyingi kichwani, ikiwa yangu.

Nimempelekea.
Bei ileile.